Maswali ya Bustani: Mtambao wa Majira ya Baridi Katika Pwani Isiyo na Baridi

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mtunza bustani katika nyumba moja ya Casuarina, hapa Malindi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Tajiri wangu ni Mtaliano ambaye huja kila Desemba na kuondoka baada ya Pasaka. Mwaka jana alinikabidhi mche wa mtambao uitwao klematisi, ambao anasema kwao, katika kisiwa cha Sardinia, huota wenyewe juu ya kuta za mawe na kuchanua wakati wa baridi, na kwamba majani yake hayapukutiki. Maua yake, kwa jinsi alivyonionyesha kwenye picha, ni meupe yanayokaribia rangi ya malai, yenye vidoa vyekundu kwa ndani, nayo huinama kama kengele. Niliupanda kwenye chungu kikubwa chenye udongo uliojaa samadi, nikauweka kwenye ukuta wa baraza unaoelekea baharini, nikawa naumwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni. Tangu Februari majani yalianza kugeuka manjano kwenye kingo, kisha yakawa na rangi ya tumbaku, na sasa mengi yameanguka. Ua hata moja sijaliona. Tajiri atarudi Desemba, nami naona haya, maana katika bustani hii hakuna mmea uliowahi kunishinda. Je, kosa ni la udongo wetu wa chokaa, ni chumvi ya bahari, au ni mkono wangu? Na nikiukata wote hadi chini, utachipua?
Mtunza bustani, Casuarina, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kuuondolea lawama udongo, kwa sababu huo hauna kosa lolote. Mtambao huu, ambao kwa jina la kisayansi ni Clematis cirrhosa, jina ulilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, kwao huota kwenye vilima vya mawe ya chokaa vilivyo kandokando ya Bahari ya Mediterania, kuanzia Hispania na visiwa vyake vya Balearic hadi Sardinia, Ugiriki na pwani za Afrika Kaskazini. Huparamia vichaka na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mizizi ikiwa imejificha kwenye kivuli cha mawe hayo na kichwa kikiwa juani. Ardhi yetu ya matumbawe yaliyosagika isingeushangaza. Chumvi ina sehemu yake, na maji uliyoyamwaga yana sehemu yake pia, nami nitayaeleza yote mawili; lakini sababu iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba mmea huu una kalenda yake, na kalenda hiyo haisomeki Malindi.

Wewe ni mtu wa pwani na jambo hili utalielewa upesi. Wazee wetu, wakulima na wanamaji, walihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa jadi wa pwani, na kwa hesabu hiyo walijua lini waatike, lini wangoje mvua na lini upepo utageuka. Mimea nayo ina hesabu yake, isipokuwa yenyewe huisoma katika joto, ukavu na urefu wa mchana. Huko Sardinia, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya jua kali na ukavu, mvua ikiwa imekatika karibu kabisa. Klematisi hii, badala ya kushindana na kiangazi hicho, hulala: majani hukauka na kupukutika, mashina hubaki kama kamba zilizosahauliwa ukutani, na mtu asiyeijua huweza kuing'oa akidhani imekufa. Mvua zinaporudi mwishoni mwa Septemba na joto likashuka, huamka, ikavaa majani mapya ya kijani yanayong'aa, ikatoa matumba, na kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi ikawa inachanua wakati mimea mingi ya Ulaya imebaki vijiti vitupu. Ndiyo maana huitwa mtambao usiopukutisha majani, na jina hilo ni la kweli kwa upande wa baridi. Kwa upande wa kiangazi ni la kweli tu pale inapomwagiliwa bustanini na kukingwa na jua la mchana.

Nimelifikiria sana jambo moja katika barua yako. Tajiri wako huja kwetu kila Desemba na kuondoka baada ya Pasaka, na hiyo ndiyo miezi ambayo mtambao wa kwao huwa umechanua. Kwa hiyo, kwa miaka yote aliyokuwa akikaa Malindi, maua hayo yamefunguka na kuanguka pasipo yeye kuyaona. Mimi naamini ndiyo sababu aliutaka mche huo, na ndiyo sababu inafaa umweleze ukweli kwa upole na mapema, usingoje ajionee mwenyewe.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwezi wa Januari huko Sardinia, mchana joto huwa karibu nyuzi 14, na usiku hushuka hadi nyuzi 6 au 7. Kwetu Malindi, hata katika kipupwe cha Julai tunapojifunika shuka mbili, ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20. Mmea hutengeneza sukari mchana kwa mwanga wa jua, na usiku hupumua na kuitumia sukari hiyo. Kadiri usiku unavyokuwa na joto, ndivyo matumizi yanavyozidi. Mnazi na mwembe vimezoea gharama hiyo. Klematisi ya nchi za baridi haikuizoea, hivyo kila kukicha akiba yake inakuwa imepungua. Tena, kule mchana wa kiangazi hufika karibu saa 15 na wa majira ya baridi hushuka hadi saa 9 na nusu, ilhali kwetu, tulio nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata nusu saa. Mmea umekaa kwenye chungu chako ukingoja ishara ambayo haiji.

Kisha ikaja Februari, kilele cha kaskazi, jua kali, mvua hakuna. Hiyo ndiyo ishara pekee iliyoitambua, nayo ikaifasiri kuwa ni kiangazi cha kwao, ikaanza kulala. Sasa, mwanangu, hapa ndipo mkono wako unapoingia, nami sitakuficha: mmea uliolala haunywi maji. Wewe, kwa bidii na kwa nia njema, ukauona unanyauka ukaongeza maji, mara tatu kwa siku, katika udongo uliojaa samadi ambao hushika maji kama sifongo. Maji yanapotuama, hewa hutoka udongoni, na mizizi isiyopata hewa huoza.

Ipime hali yake kabla ya kukata chochote. Chagua shina lenye unene wa njiti ya kiberiti, karibu na chini, ukwaruze ganda lake kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama unavyokwaruza ganda la muhogo mbichi kujua kama ni mweupe. Ukiona kijani chenye unyevu chini ya ganda, shina li hai. Ukiona kahawia kavu, shuka kidogo ujaribu tena. Halafu ingiza vidole pembeni mwa chungu ufukue mzizi mmoja. Mzizi mzima ni wa rangi ya hudhurungi nyepesi au nyeupe, na ukiuvuta hukaza. Mzizi uliooza ni mweusi, hunuka tope la mikokoni, na ganda lake huchomoka mkononi kama ganda la kunde iliyochemshwa, ukabakiwa na kauzi kembamba katikati. Ikiwa nusu ya mizizi bado ni mizima, yapo matumaini ya kuuokoa uhai wake, na hapo ndipo nitakuomba ufanye kazi kidogo.

Utoe mche kwenye chungu, kata mizizi iliyooza kwa mkasi uliousafisha kwa maji ya moto, na uupande upya katika chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, chenye tundu chini. Changanya sehemu mbili za udongo wa kawaida na sehemu moja ya changarawe ndogo, pamoja na konzi moja tu ya samadi iliyokwisha kuiva kabisa. Kisha kiingize chungu hicho ndani ya chungu kingine kikubwa zaidi, ujaze mchanga katika nafasi iliyobaki kati yao, na mchanga huo ndio uwe unaulowesha asubuhi. Ni kanuni ileile ya mtungi: maji yanayotoka polepole kwenye vinyweleo vya udongo huondoka na joto, na kilichomo ndani hubaki baridi. Klematisi hupenda miguu iwe baridi na kichwa kiwe kwenye mwanga, na kwa njia hii angalau miguu utakuwa umeihudumia.

Mahali pake pasiwe tena kwenye baraza la bahari. Zile kingo za manjano zilizoanza kabla ya majani kuanguka ni alama ya chumvi, ambayo huja na upepo na huja pia na maji ya kisima. Kama sabuni haitoi povu zuri kwenye maji unayotumia, au kama umeona ukoko mweupe kwenye midomo ya vyungu, basi maji hayo usiyatie; kinga maji ya mvua wakati wa masika uyaweke kwenye pipa lenye kifuniko. Uhamishie mtambao nyuma ya nyumba, penye kivuli chepesi cha mwarobaini, mahali ambapo jengo linauzuia upepo wa bahari. Maji uyatie pale tu unapoingiza kidole hadi pingili ya pili ukakuta pakavu, jambo ambalo katika kipindi cha kulala linaweza kuchukua wiki nzima.

Kuhusu kuukata hadi chini, usifanye hivyo. Kuna klematisi za kiangazi ambazo hukatwa karibu na ardhi kila mwaka na kuchipua, lakini hii huchanua kwenye mashina yaliyokwisha kukomaa, na anayeikata yote huwa amekata maua ya msimu ujao. Ondoa yaliyokufa tu. Hata kwao, kupogoa hufanywa kidogo, mara baada ya maua kwisha, kwa kupunguza matawi yaliyosongamana.

Ukipata machipukizi, usiupe nguzo nene wala mti wa boriti uupande. Mtambao huu hauna vikono vya kujizungusha kama vya mpasheni, wala haujisokoti shina zima kama kunde. Hushika kwa kikonyo cha jani lenyewe. Nimewahi kuketi karibu na klematisi ya bara nikaitazama kazi hiyo: jani hunyooshwa mbele, kikonyo chake kikagusa uzi, na kufikia siku ya pili kimekwisha kuuzunguka mara moja na kukaza, kama kidole cha mtoto mchanga kinavyokishika kidole cha mama yake. Kitu kinene hakiwezi kukizunguka. Uzi wa kuvulia samaki ukivutwa kati ya misumari miwili unatosha.

Baada ya yote hayo, utakachopata huenda kikawa majani mazuri wakati wa kipupwe, ambao ndio wakati wetu wa ubaridi. Maua siwezi kukuahidi, na mtu akikuahidi maua ya klematisi hii Malindi, usimlipe.

Lipo pia jambo la sheria. Hukuniambia mche uliingiaje nchini, nami sitakudhania wala kumdhania tajiri wako, ila kila mmea au mbegu inayotoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Sababu haihusu karatasi tu. Udongo ulioshikana na mizizi unaweza kubeba minyoo midogo na kuvu ambavyo mashamba yetu hayajawahi kuviona. Kama vyeti havipo, mshauri tajiri wako awasiliane na ofisi yao, na hadi hapo usigawe vipandikizi kwa majirani.

Na ili Desemba isikukute ukiwa na ukuta mtupu, panda kitu ambacho kalenda yake ni ya hapa. Kama tajiri wako anataka maua yanayoinama kwa vishada, mpe petrea, mtambao wenye majani ya kukwaruza kama msasa na vishada virefu vya zambarau vyenye umbo la nyota; unastahimili ukavu na hausumbui ukishashika. Lakini kwa ukuta wa bahari, ningekuwa mimi, ningechagua bugenvilia, kwa kuwa huo nao husoma ukavu, na kwa manufaa yetu huufasiri kinyume na klematisi. Ukauke kidogo, ndipo huchanua. Upogoe mwishoni mwa Septemba, uache mvua za vuli ziutie machipukizi mapya, kisha Desemba inapoanza upunguze maji hadi majani yaanze kulegea mchana. Wiki chache baadaye rangi itaufunika ukuta. Ukimpeleka tajiri wako karibu, mwonyeshe kwamba ile rangi ni ya majani matatu membamba kama karatasi, na ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Atakumbuka kwamba klematisi yake nayo haina petali, na kwamba zile kengele anazozipenda ni sepali nne, yaani yale majani ambayo katika maua mengine hufunika tumba.

SWALI: Asalaam aleikum Bibi. Binti yangu anaishi Uingereza, na ameniandikia kuwa kuna ua liitwalo klematisi linalochanua kwake wakati wa theluji, naye anataka kunitumia mbegu kwa posta. Nyumba yangu ni ya zamani, ya mawe, na kiwanda chake cha ndani, yaani ule uwanja ulio katikati ya nyumba, hakipati jua ila saa chache za mchana, kwa hiyo ni baridi kuliko nje. Je, mbegu hizo zitaota hapo? Tena nauliza kama lina harufu nzuri, maana hapa kwetu ua lisilofaa kutiwa kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia cha kuvaa, huwa ni pambo tu.
Mama mpenda maua, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Sehemu ya kibali nimekwisha kuieleza kwenye jibu la juu, nayo inahusu mbegu za posta kama inavyohusu miche. Mwambie binti yako asitume kwanza.

Kuhusu kiwanda, umekitazama vizuri, kwa sababu nyumba zetu za mawe zilijengwa na watu waliojua kulikwepa jua. Hata hivyo baridi ya kiwanda ni ya mchana. Kuta nene za matumbawe hunywa joto tangu asubuhi na kulirudisha polepole usiku, na nimekwisha kueleza kwamba usiku ndio unaoamua mambo ya klematisi. Weka kiganja chako ukutani baada ya sala ya isha, katika mwezi wa Februari, utasikia ule uvuguvugu. Mbegu zenyewe ni za subira: zikiwa mbichi huchukua miezi, na zikiwa kuukuu huweza kukaa udongoni zaidi ya mwaka kabla ya kuota, tena nyingi hutaka kupitiwa na baridi kwanza.

Binti yako huenda ameona moja kati ya mbili. Ikiwa inachanua katikati ya majira ya baridi, kwa maua ya kengele, ndiyo hii ya Mediterania, na harufu yake ni hafifu, ya mbali, inayofanana na ndimu kwa anayeinama na kuitafuta. Ikiwa inachanua baridi inapokwisha, mwezi wa Machi, kwa maua meupe mengi yenye umbo la nyota na majani marefu magumu kama ngozi, basi ni Clematis armandii ya China, iliyopelekwa Uingereza na Ernest Wilson, mkusanyaji wa mimea, mwaka 1900 na kupewa jina la Armand David, mmisionari Mfaransa. Hiyo ina harufu nzuri kweli. Lakini zote mbili hazifai kikuba, na hili nalisema kwa msisitizo: utomvu wa klematisi huwasha. Jani au shina likivunjwa, hutoka majimaji yenye sumu iitwayo protoanemonini, ambayo huweza kuitoa ngozi malengelenge, na mnyama akila mmea wenyewe hupata vidonda mdomoni na maumivu ya tumbo. Katika mji ambao punda hupita mlangoni na kunyosha shingo kila palipo na kijani, hilo si jambo dogo. Ua linalolala kifuani au kwenye nywele za mwanamke halipaswi kutoka kwenye shina la namna hiyo.

Kwa kiwanda chako nakuomba urudi kwa asumini. Najua utasema asumini kila mtu anao, ila wengi wanao unaotoa majani tu, kwa sababu wameuweka penye kivuli cha kutwa nzima na wanaogopa kuukata. Tafuta ile pembe ya kiwanda inayopata jua kwa saa nne au zaidi. Kama haipo, upandishe chungu darini. Upogoe kwa theluthi moja kila wimbi la maua linapokwisha, kwa maana maua hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na usipokata huna ncha mpya. Tia samadi ya mbuzi iliyooza mara moja kwa miezi miwili. Zaidi ya hayo, chunguza maji. Visima vya mji vina chumvi kwa viwango mbalimbali, na yale matamu yanatokana na mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, kwa hiyo maji matamu ni ya kunywa kwanza. Kwa asumini kinga ya paa. Ncha za majani zikiungua ilhali udongo una unyevu, jua chumvi imekusanyika kwenye chungu, nawe ngoja siku ya mvua kubwa ukiweke uwanjani kioshwe hadi maji yanayotoka chini yawe meupe.

Matumba uyachume alasiri, kabla hayajafunguka, yakiwa yamevimba na kugeuka kutoka kijani hadi weupe wa maziwa. Uyatunge yakiwa yamefumba pamoja na mawaridi, rehani na vipande vya mkadi, uyafunike kwa kitambaa kibichi, nayo yatafunguka yenyewe usiku yakiwa juu ya mvaaji.

Ukipenda kitu kipya ili umjibu binti yako kwa picha, ipo Combretum indicum, mtambao wa Asia uliozoea joto letu. Jioni ya kwanza ua hufunguka likiwa jeupe, lenye harufu tamu inayowaita nondo wa usiku. Kesho yake likawa la waridi, na siku ya tatu likawa jekundu, hivyo kishada kimoja huwa na rangi zote tatu kwa wakati mmoja. Una nguvu nyingi na huchipua kutoka mizizini, basi uutie kwenye chungu kizito na uwe unayang'oa maotea yake kila mwezi, la sivyo utaukuta kwa jirani.

SWALI: Bibi, mimi nimezaliwa Nyeri na nimehamia Malindi kwa kazi ya ualimu. Katika vichaka vya kwetu kuna mtambao wenye maua madogo meupe mengi, na maua yakiisha hubaki mipira ya manyoya ya fedha. Nimeona picha ya klematisi kwenye gazeti na mipira hiyo ni ileile. Je, ni ndugu? Na je, hiyo ya kwetu inaweza kuishi Malindi?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Ni ndugu wa damu, Mwalimu, na nimefurahi kwamba umeutambua kwa manyoya yake, kwa sababu manyoya ndiyo alama ya ukoo. Ukoo wa klematisi una aina zipatazo 300 duniani, na Kenya tuna zetu, kama vile Clematis simensis na Clematis brachiata, zinazoota kwenye kingo za misitu na vichaka vya nyanda za juu. Kila mbegu hutoka na mkia mrefu wenye nywele laini, na upepo huuchukua mkia huo pamoja na mbegu yake. Ndiyo mipira uliyoichezea utotoni.

Kwa Malindi, jibu ni karibu sawa na lile nililompa kijana wa Casuarina, kwa tofauti kwamba hizi zimekwisha kuizoea ikweta na hazisubiri mchana uwe mrefu au mfupi. Kinachozikosesha raha huku ni joto la usiku. Ningekushauri uzipande nyumbani kwa wazazi, Nyeri, kwenye ua wa nyuma, badala ya kuzileta. Usiing'oe ya msituni. Nenda wakati manyoya yamekauka na mbegu inachomoka kwa kuguswa tu, uchukue konzi moja, uipande siku hiyohiyo kwenye kopo lenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, juu yake utie udongo usiozidi unene wa ukucha, na umwombe mama alihifadhi kopo hilo mahali penye kivuli, akilinyunyizia maji kila likikauka juu. Mwambie asilitupe hata kama miezi sita itapita bila kuona kitu.